Risasi Iliyochelewa

Al Khoudh, Ijumaa

Mjukuu wangu Nasra,

Assalamu alaykum. Sote wazima. Goti la bibi yako limetulia, na mama yako kahamishia vyerehani vyake Hamriya, kwenye duka kubwa zaidi.

Unasema umejiunga na klabu ya kulenga shabaha huko chuoni, tena kwa bunduki za kijeshi za zamani kama ile yangu, na unauliza kama nami nlikuwa nnaogopa. Nliogopa siku moja, na khofu ile nnayo mpaka leo.

Ilikuwa mwaka uliozaliwa wewe. Tulikuwa tukishindana bondeni kila Ijumaa, kila mtu na bunduki ya babu yake na risasi kuukuu, na jamaa zetu wamekaa nyuma mikekani. Zamu yangu ilipofika nkalala kifudifudi, nkafyatua, bunduki ikalia "ta" tu. Wenyeji wa huku wakacheka: "Mzanzibari kaishiwa baruti." Nkaona haya, nkataka kugeuka na bunduki yangu niwaoneshe kuwa kosa ni la risasi. Mzee aliyelala kando yangu akanikamata bega. "Usigeuke," akasema. "Hesabu."

Nkahesabu, mtutu bado umeelekea mlimani. Nlipofika tatu bunduki ikalia yenyewe, mawe ya mlimani yakaruka.

Ndipo nkageuka. Pale ambapo ningeielekeza alikuwa kakaa mama yako, anamimina kahawa, na wewe tumboni.

Yeye husema siku ile nlikosa shabaha. Muache aseme hivyo. Wewe bunduki ikikugomea, usigeuke, hesabu.

Babu yako,
Seif