Ndoo ya Maganda

Jumanne, Mwika

Ndoo tupu tena! Siku ya tatu nakusanya maganda ya ndizi na mabaki ya jikoni yaoze yawe mbolea ya bustani, na siku ya tatu mama mkwe anampelekea ng'ombe wake.

Leo nikashindwa kuvumilia. "Mama, yale nilikuwa nayaozesha makusudi."

Akanitazama kama mgonjwa. "Unaozesha chakula cha ng'ombe, mwanangu?"

Na samadi je? Yote anaimwaga kwenye migomba yake. Mchicha wangu uliogeuka njano haupati hata koleo moja.

Nilinuna hadi jioni. Akaniletea kikombe cha maziwa ya moto. "Kunywa. Maganda yako hayo."

Nikanywa. Nikaomba kingine. Sasa kesho nitalalamika kwa mdomo gani?