Mfano wa Matumizi

Kwako dada,

Huku tumechoka lakini wazima. Mgongo unanisumbua kwa kuinamia kadi za kamusi kutwa, na miwani mipya haijasaidia kitu.

Majibu yako yalifika. Tangu umzike mama hujajibu barua zangu, ila zile za kukuuliza maneno ya lugha yetu. Nilitaka neno la utando unaoganda juu ya maziwa yakipoa, na sentensi moja ya mfano, kama kamusi inavyodai. Ukaandika: "Mama aliomba utando wa maziwa siku zake za mwisho, na mwanawe wa kiume hakuwepo." Kwa neno la kizingiti ukaandika: "Nilikaa kizingitini siku tatu nikimngoja mtu."

Mhariri alisema mifano yako ni mizito, tutafute myepesi. Nikamwambia ndivyo kwetu tunavyosema. Sikubadili hata herufi moja.

Leo nakuuliza matatu: kamba ya ndoo, harufu ya nguo zilizokaa sandukuni, na mtu anayefika msibani watu wakiwa wameshatawanyika.

Nisikufiche, dada. Kamusi ilikwenda kwa mchapaji mwezi uliopita, na mimi wameshaniaga. Hakuna anayeyangoja maneno haya ofisini. Wewe niandikie tu, na mifano usiipunguze makali.

Ni mimi,
mwanawe wa kiume.