Mbuzi Aliyebomoa Jiko Letu

Asha mjukuu wangu,

Assalaam alaykum. Huku Jadida sote wazima. Babu yako tangu asikie umejifungua hakai kitako, kila apitaye njiani anamwambia, "Nimepata kitukuu!"

Umeniuliza, mtoto anakohoa, umfukize moshi wa buhuri? La, usimfukize! Mpeleke hospitali leo hii, na madirisha uyafungue.

Mama yako alipokuwa mchanga alikohoa hivyo hivyo. Nilikaa naye jikoni kwenye moto wa makumbi ya nazi, nimeziba kila tundu ili upepo wa bahari usimguse. Nilidhani upepo ndio adui! Siku moja mbuzi wetu akaubomoa ukuta wa makuti. Moshi ukatoka wote, na baada ya siku chache kikohozi kikaanza kulegea. Mama mkwe akaja na makuti mapya. Nikamwambia, "Mama, hapa hapazibwi." Sikuwahi kumkatalia kabla ya siku ile.

Babu yako akanoa kisu, anataka kumchinja mbuzi mharibifu. Nikasema aanze na mimi.

Mbuzi yule alikufa kwa uzee, Asha, na ukuta ule mpaka leo uko wazi.

Bibi yako,
Mize