Kibao cha Saa Kumi na Nusu

3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza kwa kuomba radhi. Ni wiki saba sasa tangu barua yako inifikie, na mtu anayefungua masanduku ya barua thelathini na moja kwa siku hawezi kusema alikosa pa kutumbukiza yake. Ukweli ni kwamba kila nikishika kalamu, mjukuu wako Kinanda naye anaitaka. Hajambo. Lile jina tulilompa linazidi kumfaa. Asubuhi mdomo unaamka kabla ya macho. Mgongo wako unaendeleaje? Na dawa ya macho, unaiweka au unaitazama tu?

Huku kazini si kwema. Tumeletewa meneja mpya, na meneja ana mpango. Njia zetu nane za kukusanya barua anataka ziwe tano. Kila mmoja atafungua masanduku hamsini na kurudi ofisini saa kumi na mbili jioni badala ya saa kumi na moja. Watatu kati yetu hawatakuwa na njia, yaani hawatakuwa na kazi. Chekechea ya Kinanda inafunga saa kumi na nusu, na mwalimu huanza kutikisa funguo saa kumi na robo.

Chama chetu cha wafanyakazi kimeshakaa na meneja mara mbili. Katibu wetu alimwambia njia si shuka, haikunjwi tu. Meneja akatoa karatasi. Njia namba nne, akasema, kwa miezi minane inatoka saa saba na kurudi saa kumi kamili. Saa tatu tu. Kama mmoja anaweza, wengine wanasubiri nini?

Mama, namba nne ni yangu. Kila mtu alinigeukia. Mzee tunayemwita Miguu, mwenye goti bovu, ambaye njia yake ndiyo ya kwanza kufutwa, alisema taratibu tu, "Binti, umetukimbiza." Tangu siku hiyo kwenye chai nakaa peke yangu.

Sijui nifanyeje. Nishauri.

Mwanao


12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Mgongo ni ule ule, tumezoeana. Dawa naiweka.

Umesahau unamwandikia nani. Njia hiyo niliiendesha mimi miaka tisa, miezi mitano kati ya hiyo ukiwa tumboni mwangu na usukani ukikugusa. Kila sanduku lina kibao chake kinachoonyesha saa ya kuchukuliwa barua. Ukiwahi, unashuka kwenye baiskeli unasubiri. Saa ikifika unafungua, unatoa barua, unachomoa kibao, unaweka kingine cha kesho asubuhi, na ulichochomoa unakipeleka kaunta kuwa ushahidi. Sivyo?

Basi sanduku la mwisho, la mbele ya zahanati, kibao chake ni cha saa kumi na nusu. Wewe saa kumi ulikuwa kaunta na vibao thelathini na moja mkononi. Kile kimoja kilifikaje?

Meneja wako hajui kusoma vibao, anasoma namba. Mimi najua. Kile kibao ni neno tunalompa mtu ambaye hatutamwona. Daftari langu la njia hiyo bado ninalo, lina saa ya kila sanduku. Usinifanye nilifungue kukusuta. Niandikie ukweli.

Na mtoto, kama kuna moto huko, mlete kwangu mpaka uzimike.

Mama yako


20 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku tatu mfukoni. Aliyenipa pale kwenye meza ya kupanga barua alicheka, akasema bahasha ya mama huwa nzito kuliko parseli. Hakujua.

Ni kweli. Masanduku sita ya mwisho nimekuwa nikiyafungua kabla ya saa yao. La zahanati nalipitia saa tisa. Karani wa kaunta aliona, akanyamaza, naye ana watoto. Nilianza siku ile nilipochelewa nikamkuta Kinanda amekaa kwenye ngazi za nje na begi lake, mlango umefungwa, mwalimu amesimama kando akitazama barabara. Hakulia. Aliniuliza tu kama nimepotea. Nikasema haitatokea tena, na haikutokea. Lakini sikujua kwamba kila siku niliyowahi ilikuwa inaandikwa, na kwamba ingekuja kuwa rungu la kuwapigia wenzangu.

Wiki iliyopita nilikuwa ng'ambo ya barabara ya zahanati saa tisa na robo. Nilimwona mama mmoja amesimama mbele ya sanduku na barua yake. Alisoma kibao, kinamwambia kesho asubuhi. Akatazama saa yake ya mkononi. Akaitikisa, akaiweka sikioni. Alidhani imesimama, Mama.

Meneja aliniita jana. Alinipa kiti. Alisema njia zikibaki tano, mimi ni wa kwanza kubaki, kwa sababu ya kasi yangu. Nikisema ukweli, nafukuzwa. Nisiposema, nabaki na kazi inayoisha saa kumi na mbili, na Miguu anakwenda nyumbani na goti lake.

Kinanda anakuja Jumamosi na dada wa jirani. Ni kwa muda, naomba tuelewane hapo. Nimemfungashia blanketi la maua, kadi ya kliniki, viatu vyekundu na kikombe chake, hanywi kwa kingine. Na wewe nitumie lile daftari. Katibu anasema hakuna ofisini karatasi yoyote ya saa za zamani.

Mwanao


5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mjukuu wangu alifika salama, akamwambia kuku wa jirani habari zake zote. Anakula, analala, na amenenepa. Nimemnunulia blanketi jipya zito. Ananiita Bibi wa Posta.

Nimewaza sana. Nilikuandikia kwa ukali kuhusu kibao, na maneno yale ni ya kweli, lakini ni rahisi kwa mwanamke aliyekwisha kustaafu. Wewe bado unahitaji kazi. Nyamaza tu. Meneja anakutaka, basi baki. Mtoto ninaye mimi, hapa hakuna mlango unaofungwa saa kumi na nusu. Utakuja kumwona sikukuu. Wengi wamelelewa na bibi zao wakawa watu.

Daftari nimelitafuta, sijaliona.

Mama yako


14 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe tena kwa kukawia. Safari hii sababu si Kinanda. Ilikuwa kwanza niwe na la kusema.

Barua yako ya mwisho niliitii wiki tatu. Nilinyamaza. Nilianza kufungua masanduku kwa saa zake, nikawa narudi saa kumi na moja na dakika kumi, na meneja akamwambia katibu, mnaona, chama kimemfundisha kuzembea. Nyumbani nilikuwa nafungua mlango na chumba kiko kimya mpaka nasikia friji ya jirani. Kijiko cha Kinanda kilikuwa kwenye beseni. Sikukiosha.

Kisha tukaitwa kikao cha tatu. Meneja alikuwa na orodha ya majina matatu, la Miguu juu. Alipofungua ile karatasi ya namba nne, nikasimama. Nilisema yote. Masanduku sita, saa tisa, miezi minane. Karani sikumtaja.

Meneja aliuliza, "Kwa hiyo hesabu zangu zote nimezijenga juu ya uongo wako?"

Nikasema ndiyo, na kwamba kama angesoma vibao badala ya namba, angejua kabla ya mama yangu.

Nilijua wenzangu watanitukana, na wawili walifanya hivyo. Mpaka leo hawaniamkii. Miguu hakutukana. Alikaa akilisugua goti lake, kisha akasema, "Miezi minane nimekuwa nikidhani nimezeeka." Mama, hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Katibu akadai njia ipimwe upya, siyo kwa karatasi. Meneja akakubali, nadhani kwa hasira, akachukua baiskeli ya akiba akanifuata mwenyewe na saa mkononi. Pale kona ya fundi cherehani kifuniko kilikwama kama enzi zako, akasaidia kuvuta. Kwenye mlima alishuka akasukuma. La zahanati tulifika zimebaki dakika nne. Akasema fungua twende. Nikamwambia bado. Tukasimama pale, yeye anatiririka jasho. Zilipobaki dakika mbili akaja yule mama aliyetikisa saa, anakimbia, bahasha mkononi. Alisoma kibao, akatutazama, akasema, "Leo mpo." Akaitumbukiza. Meneja aliandika kitu. Tulirudi saa kumi na moja na robo.

Ule mpango wa njia tano umekufa. Sasa wanasema saba, na hiyo ya nane itajadiliwa mwezi wa sita, kwa hiyo hakuna aliyelala usingizi wote, majina bado yanaweza kurudi. Mimi sikufukuzwa. Nimepewa barua ya onyo, na nimeondolewa namba nne nikapewa njia ya alfajiri ambayo hakuna anayeitaka, kwa adhabu. Inaanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa nane mchana. Nilipoisoma adhabu yangu nilikwenda chooni nikalia kwa furaha, kisha nikanawa uso nisije nikaongezewa nyingine. Ile saa moja kabla chekechea haijafunguliwa, mke wa Miguu atakaa na mtoto. Amejitolea mwenyewe. Mumewe bado ananuna, lakini amesema nisichelewe kumpeleka.

Najua ulichokuwa unataka, Mama, na najua ulikitaka kwa kunipenda mimi na yeye. Asante kwa wiki zote hizi. Lakini nilisema ni kwa muda, na muda umekwisha. Juzi nilipoongea naye kwa simu ya jirani yako, aliniambia anachora jua kwenye kitabu cha masanduku cha Bibi. Sikukuuliza hapo hapo, kwa heshima.

Basi naomba unitumie hivi. Kadi ya kliniki, chanjo yake inakaribia. Blanketi la maua, lile kuukuu. Jipya baki nalo, atakuja kulilalia likizo. Kikombe. Viatu vyekundu, vyote viwili, cha kushoto huwa anakisukumia chini ya kitanda. Daftari la namba nne ambalo hukuliona, na majua yake yote, katibu analihitaji kabla ya mwezi wa sita. Na Kinanda mwenyewe, Jumamosi, kwa basi la asubuhi, na mtu wa kumsindikiza, akae dirishani, nitakuwa nimesimama kituoni tangu saa nane na nusu.

Mwanao