Dirisha la Mama Njeri

Jumanne, Machi 1999

Dirisha lile sijaliandika bado. Fomu ya ukaguzi iko hapa mezani, inataka "linafaa" au "halifai", nami nimechoka.

Mwaka jana nilimsumbua Bi Mwanasha wa Bongwe mpaka akatoboa madirisha katika vyumba vyake vyote vya kupangisha. Alinung'unika, lakini alitii. Leo nimerudi kukagua, nikakuta la mpangaji wake Mama Njeri, muuza mboga wa Kona ya Musa, limezibwa kwa mawe na udongo. Ndani ni joto na moshi wa jiko, na watoto wawili wanakohoa.

"Si mimi, bwana afya," Bi Mwanasha aliniambia. "Mimi dirisha nilishatoboa. Muulize mwenyewe."

Sikumuuliza Mama Njeri, nilimkaripia, tena mbele ya watoto wake. Nikamwambia moshi ule utawaua.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Kule tulikokaa kwanza, usiku wa zile fujo za mwaka juzi, waliokuja kutufukuza sisi watu wa bara walipitia dirishani," akasema. "Moshi unaua polepole, bwana afya."

Nikiandika "halifai", chumba kitafungwa, na sijui atakwenda wapi. Nikiandika "linafaa", wale watoto...

Chumba changu nacho kina joto leo. Nimeinuka kutafuta hewa, nikaligusa kabati. Mimi pia ni mtu wa bara. Nililisukuma mbele ya dirisha wakati wa fujo zile zile, na mpaka leo sijalisogeza.