Vioo Juu ya Maji ya Chumvi

3 Machi

Mwanangu fundi vioo,

U mzima huko? Sisi tupo, ila kisima kimeingia chumvi, sabuni haitoi povu. Baba yako amevimba miguu. Kaka yako anaendesha boza la maji la yule Kitambi, nasi tunanunua kama wengine. Undugu haujazi ndoo. Wewe mwenye akili ya mikono, hakuna njia?

Mama yako

19 Machi

Shikamoo Mama, na baba shikamoo yake. Mimi sijambo.

Njia ipo. Baba ajenge sinia la saruji, kina cha kiganja, alipake rangi nyeusi ndani. Mmimine maji ya kisima, mfunike kwa kioo kilichoinama, mzibe kingo. Jua litapandisha mvuke, chumvi itabaki chini, matone yatateleza kwenye kioo mpaka kwenye mfereji mdogo wa ukingoni, yaingie chupani. Vioo nimempa dereva wa lori.

Binti yako

2 Juni

Mwanangu,

Nakuulizia afya, yangu usiniulize.

Maji yalitoka. Baba yako alionja, akacheka mpaka jino la mwisho. Majirani wakajenga yao. Boza likawa linarudi limejaa.

Juzi mchana walikuja wanaume wanne na nyundo, nyuso wamezifunga vitambaa. Walivunja vya jirani, wakaja kwetu. Baba yako akajilaza juu ya kioo.

"Toka, mzee!"

"Sitoki. Nipigeni mimi."

Wakampiga, kioo kikapasuka chini yake, kigae kikamwingia shingoni. Nikashika koleo, nikamtandika mmoja mkononi. Nilisikia mfupa ukivunjika. Kitambaa kikamtoka usoni. Kaka yako!

"Mama, walisema tunavunja vioo tu."

Wenzake walikimbia. Yeye alibaki akitapika. Baba yako alikata roho mikononi mwangu. Tumemzika.

Kaka yako yuko mahabusu, amemtaja Kitambi kuwa ndiye aliyewatuma. Anaomba nimpelekee maji.

Mama yako

9 Juni

Mama, pole, pole sana. Mikono yangu imejaa majeraha. Nakata vioo huku nalia.

Usimpelekee hata tone. Nakuja Jumamosi na vioo vya mtaa mzima. Wakija na nyundo, watatukuta wengi.

Binti yako

11 Juni

Mwanangu,

Njoo salama. Wajane wenzangu wa mtaa wameshaanza kukoroga saruji.

Kaka yako nilimpelekea. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alikunywa akiniangalia, akaniita. Nilingoja amalize, nikachukua chupa yangu, nikaondoka.

Mama yako