Kengele ya Kitandani kwa Mama

Nyumba ya Kona,
Chumba cha Cherehani.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo dada. Hujambo huko, na ile baridi imekuachia? Shemeji anaendeleaje na mgongo wake? Sisi huku tu wazima, na Mama anaendelea vizuri, tena kuliko unavyodhani. Vuta kiti nikusimulie.

Unajua nilijiunga na darasa la kompyuta la watu wazima. Nikimaliza kushona sare nafunika cherehani, nakwenda kujifunza C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Usicheke. Sasa tumefika kwenye safu. Safu ni kama visanduku vilivyopangwa mstari mmoja chini ya jina moja; ukitaka kilichomo, unataja jina la safu na namba ya kisanduku. Niliipenda papo hapo, nikaanza kutafuta pa kuitumia.

Sikwenda mbali. Tangu Mama augue, sauti yake imekuwa ndogo. Akiita, jikoni hatusikii. Mume wangu, si unajua ni fundi redio, akavuta nyaya na kufunga vitufe vinne: kitandani kwa Mama, kwenye kochi, bafuni na barazani. Mimi nikaandika programu ya kikompyuta kidogo kama kiberiti. Nikatengeneza safu, int kitufe[4], yaani visanduku vinne vya namba, kila kitufe na kisanduku chake kwa mpangilio huohuo. Kitufe kikibonyezwa, kisanduku kinapokea moja, kengele inalia jikoni. Nikaiagiza programu ipite kisanduku hadi kisanduku ikikagua, ianze 1 iishie 4, kama anavyohesabu mtu yeyote.

Tulijaribu cha kochi, cha bafuni na cha barazani, vyote vikaitika. Cha kitandani tulikiacha kwa sababu Mama alikuwa amelala, tukasema kitakuwa kama wenzake.

Basi kengele ikaanza kujililia. Tunakimbia chumbani, tunamkuta Mama ametulia, anatushangaa. Mume wangu akalaumu programu, mimi nikalaumu nyaya zake.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Ijumaa, nilikuwa jikoni nakata vitunguu, kengele kimya kabisa. Nikasikia kitu kinaburuzika koridoni. Kugeuka, Mama kasimama mlangoni, mkono ukutani, shuka mabegani. Peke yake, dada! Tangu augue hajawahi kuvuka chumba bila kushikwa. Kisu kilinidondoka. Yeye alikuwa amekasirika tu.

"Nimebonyeza mpaka kidole kimechoka," akasema. "Hiyo kengele yenu inamlilia nani?"

Nilimkalisha kwenye kiti cha jikoni. Alipopumzika nikampeleka kitandani, kisha nikamwachia mume wangu, nikaenda mbio kwa mwalimu na programu yangu.

Mwalimu alitazama skrini, akaniuliza kisanduku cha kwanza kina namba gani. Nikamjibu moja. Akasema kwenye C ni sifuri, maana ile namba inaonyesha umbali kutoka mwanzo wa safu, na cha kwanza kiko palepale mwanzoni, hujapiga hata hatua. Kwa hiyo visanduku vinne ni 0 mpaka 3. Programu yangu ilikuwa inamruka Mama kila mara, halafu inakwenda kuchungulia kisanduku namba 4 ambacho hakipo. Inasoma chochote kilicholala jirani kwenye kumbukumbu ya kompyuta, inadhani kuna mtu anaita. Na C wala haikugombezi, inakuacha uchungulie. Mpaka leo najiuliza ni kitu gani kilikuwa kimelala pale, kikitukimbiza namna ile.

Nimeirekebisha: inaanza 0, inakoma kabla ya 4. Mama aliponisikia nikimweleza mume wangu, akauliza kama hiyo sifuri ndiyo yeye. Nikamwambia ndiyo, na wengine wote wanapimwa kutoka kwake. Akaomba chai.

Sasa kengele inaitika vizuri, lakini mwenye kitufe hakigusi. Asubuhi anakuja jikoni mwenyewe, taratibu, akishika ukuta. Amenikataza nisikuandikie, anataka ukija likizo akufungulie mlango yeye. Mimi nimeshindwa kunyamaza. Kwa hiyo ukibisha hodi na mlango ukachelewa, vumilia nje, usiusukume. Na akitokea, tafadhali dada, jifanye umeshangaa.

Msalimie sana shemeji, na wanangu Kidoti na Bwana Maswali. Mume wangu anakusalimu, anasema nikuambie nyaya zake hazikuwa na kosa.

Mungu awatunze, awafikishe kwetu salama.

Ni mimi nikupendaye na kukukumbuka kila siku,
Kitindamimba wenu.